Mzigo Unaojila: Uchambuzi wa Kisa cha Wapagazi wa Kenya, 1914–1918

Kwanini kisa hiki

Mimi ni mtu wa stoo. Kazi yangu miaka yote ni mzigo utoke huku ufike kule, na wakija vijana wapya kazini huwa nawapa kisa kimoja wakichambue kabla sijawaonesha hata leja, na sio kisa cha kampuni, ni cha Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu. Wengi wanaguna, wanasema mzee tumekuja kujifunza lojistiki wewe unatuletea historia. Nawaambia sawa, ila mnapopanda daladala za Kariakoo mjue hilo jina ni la kitengo cha usafirishaji. Ni Carrier Corps ya Waingereza, watu wa bara na pwani wakaitamka walivyoweza, Dar ikawa Kariakoo, Nairobi ikawa Kariokor. Zote zilikuwa kambi za wapagazi.

Majina ya watu wa kawaida na vijiji vyao nimeyatoa, nimebakiza wakubwa ambao wako kwenye historia ya wazi. Na "Kenya" naandika kwa urahisi tu, wakati ule ilikuwa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, jina Kenya limekuja rasmi 1920.

Hali ilivyokuwa kabla

Agosti 1914 vita inaanza Ulaya, na huku makoloni mawili yanapakana, Waingereza Kenya na Wajerumani Tanganyika. Kenya ilikuwa na reli moja ya maana, Mombasa mpaka Kisumu, na hiyo reli kwa bahati mbaya kipande cha Voi na Tsavo kinapita karibu na mpaka. Wajerumani wakaichukua Taveta mwezi huohuo, alafu wakawa wanatuma vikundi vidogo usiku kulipua reli. Novemba Waingereza wakaleta jeshi kutoka India, watu kama 8,000, wakashuka Tanga, wakapigwa na kikosi cha kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, chenye watu elfu moja na kidogo wakarudi melini kwa aibu. Mpaka nyuki wa Tanga waliingia vitani siku ile, hilo sio utani, mizinga yao iliguswa na risasi.

Sasa tatizo la ndani, na hapa ndo mnatakiwa muweke alama. Kenya ilikuwa na walowezi wazungu elfu chache waliochukua ardhi nzuri ya nyanda za juu na shamba bila kibarua halilimi. Jeshi la King's African Rifles, la Waafrika chini ya maofisa Waingereza, linataka askari. Jeshi hilohilo linataka wapagazi. Serikali inataka kodi, na ili mtu apate hela ya kodi lazima akafanye kazi mahali. Yani kijana mmoja wa Nyanza au wa Murang'a anatakiwa na watu wanne kwa wakati mmoja na nyumbani kwake kuna mtama haujapaliliwa.

Pwani walishakataa kabla hata vita haijachanganya. Wagiriama, wakichochewa na Mekatilili wa Menza, waligoma kutoa vijana na kugoma kuhamishwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki, na Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, mahali patakatifu kabisa. Nikisema "kuandikisha watu" huko mbele muelewe na hii ilikuwa sehemu ya kuandikisha.

Ilivyoenda

*1914 na 1915.* Kitengo kikaundwa chini ya Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyekijua Kiswahili vizuri. Mwanzoni watu walikuja kwa mkataba na mshahara wa kueleweka. Walowezi wakalalamika kwamba jeshi linawaharibia soko, kibarua gani atakubali hela ya shamba kama jeshi linatoa zaidi. Basi mshahara ukashushwa, ukafika rupia 5 kwa mwezi. Kazi ni ngumu kuliko shamba, unaenda mbali na kwenu, unaweza kufa, na hela imeshuka, unategemea nini? Watu wakaacha kuja. Dawa yake ikawa sheria, 1915 ikapitishwa sheria ya kuwachukua wapagazi kwa lazima, na machifu wakapewa idadi ya vichwa vya kutoa. Chifu naye ni binadamu, hatoi mtoto wa ndugu yake, anatoa mtoto wa mjane au wa yule aliyegombana naye mwaka jana.

*1916.* Akaja Jan Smuts toka Afrika Kusini na jeshi kubwa. Kabla yake walishaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, kazi nzuri sana ile, nitairudia. Smuts alikuwa mtu wa farasi na mwendo. Machi akaingia Moshi, Septemba Dar es Salaam ikaanguka, Reli ya Kati ikachukuliwa. Kwenye ramani inapendeza. Lakini kila alivyosonga mbele ndo stoo inabaki nyuma, na kati ya stoo na mstari wa mbele kuna pori la mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa maelfu kwa maelfu. Malori yalikuwepo, mvua ikija yanakaa kwenye tope kama viboko. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Mwisho wa mwaka jeshi limefika Rufiji na mvua imefika pia. Askari nao walikuwa wanakula nusu posho, robo posho. Ukisikia askari anakula robo jua mpagazi aliyembebea anakula nini.

*1917.* Januari Smuts akaondoka, akaenda London ambako alisema vita ya Afrika Mashariki imeisha, bado kufagia tu. Kumbe bado karibu miaka miwili. Aliyempokea, Jenerali Hoskins, akaangalia vitabu akakuta hana watu wa kubeba, jeshi haliwezi kutoka pale lilipo, akasimama na kudai wapagazi wapya zaidi ya laki moja. Alilaumiwa kwa kuchelewa na miezi michache baadae akatolewa. Mimi kwa maoni yangu huyu ndo pekee kati ya wakubwa wa jeshi aliyefanya kazi ya stoo inavyotakiwa, kuhesabu kwanza alafu ndo kuondoka, na kibarua chake kikaota nyasi kwa ajili hiyo.

Serikali ya Kenya ikamtoa John Ainsworth, mkuu wa jimbo la Nyanza, ikampa kazi ya kukusanya watu. Huo ndo mkusanyo mkubwa wa 1917. Miezi michache wakapatikana kama 120,000. Kuna wilaya zilibaki na wazee, akina mama na watoto. Watu walijificha porini, wengine walivuka mipaka, wengine wakakimbilia mashamba ya walowezi maana kibarua wa mzungu alikuwa na kinga fulani, kwahiyo walowezi waliolalamika 1915 wakajikuta wamepata vibarua wa bei ya chini bila jasho.

*1917 mpaka mwisho.* Kilwa na Lindi zikawa vituo, kukawa na pigano la Mahiwa Oktoba 1917, baya kuliko yote, alafu von Lettow akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na wapagazi wakaendelea kumfuata kwa miguu. Alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari 1,168 tu.

Maamuzi, na kwanini yalifanyika

Sitaki kuwaita wote wajinga, hilo halifundishi mtu. Kila uamuzi ulikuwa na sababu iliyoeleweka kwa aliyeutoa.

Kushusha mshahara: ilikuwa kumtuliza mlowezi ambaye alikuwa na sauti kwa gavana, na mpagazi hakuwa nayo. Kuleta sheria ya lazima: ilitokana moja kwa moja na huo mshahara. Smuts kwenda mbio: alitaka kumzunguka von Lettow amalize vita kwa hasara ndogo ya askari, na pia, tuseme ukweli, mwanasiasa wa Afrika Kusini hakutaka orodha ndefu ya wazungu waliokufa.

Uamuzi uliomaliza watu zaidi ulikuwa wa chakula. Kwa urahisi wa manunuzi iliamuliwa posho iwe unga wa mahindi, kwa kila mtu, kokote alikotoka. Kwenye karatasi ni safi kabisa, bidhaa moja, gunia moja, haiozi haraka. Lakini kuna watu walizoea ndizi na viazi, wengine mtama na wimbi, wengine maziwa, unawapa mahindi yaliyosagwa chengachenga ambayo yanataka kupikwa muda mrefu, na mpikaji ni mtu aliyetembea tangu alfajiri, kuni zimelowa, sufuria ni debe la watu kumi. Anakoroga dakika kumi anakula. Tumbo linachubuka. Kuhara kunaanza, kunakuja kuhara damu, kesho asubuhi mzigo ni uleule.

Hesabu

Hapa huwa nawapa vijana kalamu. Chukulia mpagazi anabeba kilo 25. Chukulia anakula kilo 1 kwa siku. Stoo iko mwendo wa siku 10 kutoka mstari wa mbele. Amebeba chakula, sio risasi. Ameenda siku 10, amekula 10. Lazima arudi siku 10, atakula 10. Askari kapata kilo 5.

Sasa sogeza stoo iwe siku 12 na nusu. Askari hapati kitu! Mzigo wote umejila njiani. Na ukitaka kweli chakula kifike mbali hivyo inabidi wapagazi wawe na wapagazi wao, na wale nao wanakula.

Wakubwa walizijua hizi hesabu, sio siri. Walichofanya pale namba zilipogoma ni kupunguza ile kilo 1. Mpagazi aliandikwa kwenye safu ya usafiri pamoja na lori na nyumbu, hakuandikwa kwenye safu ya walaji kwa uzito sawa na askari, na kila upungufu ulipotokea ulikatwa kwenye safu yake kwanza. Hakuna mtu aliyetoa amri ya kuua wapagazi. Ilikuwa ni hesabu inayofungwa kila jioni kwa kupunguza palepale.

Matokeo

Upande wote wa Waingereza Afrika Mashariki, ukijumlisha Uganda, Nyasaland, Tanganyika na kwingine, wapagazi waliopita kazini wanakadiriwa kama milioni moja na waliokufa wanakaribia 100,000. Wa Kenya peke yake waliochukuliwa ni zaidi ya 150,000 na waliokufa zaidi ya 40,000. Wachache sana walikufa kwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, kichomi, na miguu, funza waliingia kwenye vidole mpaka mtu hatembei, na asiyetembea akiachwa njiani peke yake ndo basi tena.

Nje, kazi ilifanyika. King's African Rifles ilianza vita na batalioni 3 ikamaliza na 22, na zilibebwa na hawa. Reli ikalindwa, Tanganyika ikawa ya Uingereza.

Nyumbani ni hadithi nyingine. Waliorudi walirudi na magonjwa, mwisho wa 1918 ikaingia homa ya mafua ile ya dunia nzima, mvua ikakataa, 1918 na 1919 njaa ikapiga Kenya ya kati vibaya, na mashamba hayakuwa yamelimwa vizuri kwasababu walimaji walikuwa Lindi. Narok, 1918, jaribio la kuwaandikisha morani wa Kimaasai liliishia kwa risasi. Huku kwetu Ugogo nako njaa ya Mtunya, majeshi yote mawili yalipita yakakomba nafaka, ng'ombe na vijana, ila hicho ni kisa kingine na kinastahili siku yake.

Alafu malipo ya shukrani. 1919 ukaja mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi waliostaafu. Wazungu. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kwa Wanandi, ambao vijana wao walikuwa ndani ya King's African Rifles. Kodi ikapanda, na 1921 walowezi wakakubaliana kukata mishahara ya vibarua kwa theluthi. Harry Thuku aliposimama Nairobi mwaka huo kupinga, waliomsikiliza walikuwa na wapagazi wa zamani ndani yao, na Machi 1922 alipokamatwa polisi wakafyatulia umati.

Kilichofanya kazi

Reli ya Voi kwanza. Kila kilomita ya reli ilikuwa inarudisha nyuma ile siku ya 12 na nusu. Kama kuna hela iliyotumika vizuri vita nzima ni ile ya mataruma.

Pili, masharti ya Ainsworth. Alipoitwa kukusanya watu 1917 tayari vifo vilikuwa vinajulikana vijijini, akashikilia kwamba lazima wapimwe afya kabla ya kuondoka, wapate blanketi, hospitali za wapagazi ziongezwe, chakula kipikwe vizuri. Wengi sana walirudishwa kwa kukutwa hawafai. Vifo havikuisha lakini vilipungua ukilinganisha na ule mwaka wa Smuts. Miaka miwili na nusu imepita ndo mtu anakumbuka kumpima mpagazi.

Tatu ndo napenda zaidi maana ni kama jaribio la maabara ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka huohuo 1917 daktari wa misheni ya Kanisa la Scotland pale Kikuyu, John Arthur, alikusanya vijana wa misheni mbalimbali wakaunda kikosi chao cha wapagazi, kama watu 1,800, akaenda nao mwenyewe. Vita ileile, barabara ileile, unga uleule. Ila walikaa na viongozi waliowajua, chakula kilipikwa na watu waliofundishwa kupika, maji yaliangaliwa, mgonjwa alionekana siku ya kwanza. Vifo vyao vilikuwa vichache sana ukilinganisha na wengine. Kwahiyo mtu akikwambia watu wa nyanda za juu hawakuweza joto la Rufiji, ni hali ya hewa, ni asili yao, muulize hawa 1,800 asili yao ilikuwa ipi.

Kilichofeli, na kimoja ambacho hakikufeli kabisa

Kufeli kwa kwanza nimeshasema, mtu kuwekwa safu ya usafiri. Kwa pili, nani alikuwa na kauli. Watkins alijua watu wake wanakufa, alilalamika, alidai, aliandika, lakini kitengo chake kilikuwa kinapokea amri toka kwa majenerali ambao waliona wapagazi kama bomba la maji, ukifungua linatoka. Mtu anayeujua mzigo hakuwepo kwenye meza ya kupanga safari. Hili naliona mpaka leo, mauzo wanamuahidi mteja Jumanne, stoo inaambiwa Jumatatu jioni.

La tatu linaniudhi. Kuwatambua wapagazi ilikuwa shida, majina yanafanana, makarani wanaandika wanavyosikia, basi wakatengenezewa namba, vibati na alama za vidole, rejista kubwa ya maelfu kwa maelfu ya watu. Vita ilipoisha kulikuwa na mishahara ya waliokufa haijachukuliwa, hela nyingi sana, na miaka ikapita serikali ya Nairobi na wizara ya vita London zinarushiana mpira. Hoja kubwa ikawa kwamba warithi hawawezi kupatikana. Watkins aliipigania hiyo hela kwa miaka, kwamba kama familia haipatikani basi itumike kwa faida ya watu wa kule walikotoka, hakufanikiwa. Familia nyingi hazikupata hata senti.

Lakini ujuzi uleule wa namba na vidole haukupotea. Kuanzia 1919 sheria ya kuandikisha wenyeji ikaanza kutumika na kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu akawa anatembea na kipande, karatasi yenye vidole vyake ndani ya kasha la bati shingoni, watu wakalibatiza jina la kengele ya mbuzi. Akitoroka shamba la mlowezi wa Nakuru anapatikana Kisumu. Mpagazi aliye hai alipatikana kwa ajili ya kibarua na kodi, akifa, mjane wake hakupatikana kwa ajili ya rupia zake. Mfumo ulikuwa ni uleule, swali tu lilikuwa anatafutwa kwa sababu gani.

Ofisa mmoja wa wizara ya makoloni London baadae aliandika ndani ya faili, maneno yake nayaweka kwa Kiswahili changu, kwamba jambo hili lilikosa kidogo tu kuwa kashfa kwa kuwa walioumia zaidi ni wapagazi, na nani anajali wapagazi. Watu huwa wanadhani alikuwa anawadharau. Mimi naisoma kama mtu wa ndani anayekiri.

Maswali ninayowapa vijana

Wewe ni Hoskins, Januari 1917, mvua, huna wapagazi, London wameambiwa vita imeisha. Unaenda au unasimama? Wewe ni chifu, unatakiwa vichwa 200 Ijumaa. Wewe ni karani wa posho, magunia yamekuja pungufu kwa robo, unakata wapi na unaandika nini kwenye leja?

Swali la mwisho ndo linawashinda. Mwaka jana binti mmoja mgeni kazini alijibu haraka, nakata kwa wote sawa. Nikamwambia ofisa atagoma kusaini. Akasema basi asisaini, njaa yake itaingia kwenye leja kama ya wengine. Nikampa funguo za stoo namba 2 siku hiyohiyo.

Ukifika Nairobi kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za askari na mpagazi wa vita ile, ziliwekwa miaka ya 1920, na chini yake maandishi yanawataja wapagazi kama waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Dar nayo ina sanamu ya askari pale Samora, ya 1927. Majina ya waliobeba hayapo. Kariokor yenyewe sasa hivi ni soko, na moja ya bidhaa zinazouzwa sana pale ni ndara za ngozi.